Kitabu cha uradi cha babu kwa fundi wa majalada, Bagamoyo

Fundi ninayemzungumzia hapa hana kibao mlangoni wala jina la biashara, na anayeomba risiti huandikiwa kwenye kipande cha boksi la sabuni. Kazi yake ni kujalidi vitabu. Huifanyia kwenye baraza ya nyumba ya mawe katika mitaa ya zamani ya Bagamoyo, upande wa Dunda, akiwa amekalia kigoda na kuuegemea mlango ambao nakshi zake zimeliwa na chumvi ya bahari. Nilimpelekea kitabu kimoja tu, nikakaa roho juu kwa wiki saba, na sasa kwa kuwa kimerudi na kimekwisha kutumika kwa miezi minne, nadhani ninaweza kusema kwa haki ni lipi alilolifanya vizuri na ni lipi lililonikera.

Kitabu chenyewe ni cha babu yangu mzaa baba. Kimeandikwa kwa mkono, karatasi 140 na ushei, kwa herufi za Kiarabu na wino mweusi, na vichwa vya sehemu zake ni vya wino mwekundu. Mwanzo wake ni uradi, yaani dua za kurudiwarudiwa, wa tarika (njia ya kisufi) ya Qadiriya, ule unaosomwa baada ya sala na ule wa usiku wa kuamkia Ijumaa. Kisha inafuata maulidi ya Barzanji, ambayo babu aliinakili yote mwaka 1361 wa Hijria, sawa na mwaka 1942. Kisha kuna kaswida, dua za khitma, na silsila ya masheikh, yaani mnyororo wa majina ya walimu wa tarika. Pambizoni, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo hizo, babu aliweka habari za nyumba: nani kazaliwa usiku gani, nani kafariki, safari ya ziara ilichukua siku ngapi, mnazi gani umeuzwa na kwa nani. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kile ni kitabu cha dini atakuwa amesema kweli, na mtu akisema kwamba ni daftari la ukoo atakuwa amesema kweli vile vile.

Kabla ya kufika kwa fundi huyu kitabu kilikuwa kimeumizwa mara mbili. Mara ya kwanza ni mchwa, ambao walilila jalada la nyuma na kukata nyuzi za mgongo. Mara ya pili ni sisi wenyewe. Yapata miaka 15 iliyopita baba yangu mdogo, kwa nia njema kabisa, alikipeleka kwenye duka moja la vifaa vya ofisi jijini Dar es Salaam ili kitengenezwe. Duka hilo silitaji, kwa sababu walifanya kile walichozoea kumfanyia kila mteja. Walizipanga karatasi zilizolegea kwa kukisia, wakazipitisha kwenye mashine ya kukatia ili kingo ziwe sawa, wakapiga pini za chuma, wakamwaga gundi nyeupe mgongoni, na mwisho wakavisha jalada la kijani la kaunta buku, wakilibandika kinyume, kwa kuwa waliona kitabu ambacho kwao kilikuwa kinaanzia mwisho. Mashine ile ilikula pambizo. Mahali babu alipoandika kwamba mtoto wa kike amezaliwa usiku wa mwezi fulani, leo limebaki neno "mtoto" na nusu ya neno linalofuata. Shangazi yangu, ambaye ndiye mtunzaji wa kitabu, hakumlaumu mtu, ila tangu siku hiyo hakukitoa tena nje ya sanduku, na maulidi ya wanawake aliyokuwa akiisomesha nyumbani kwake akawa anaisomea kwenye nakala ya chapa.

Kwa fundi nilielekezwa na muuza udi wa sokoni. Nilimwamkia, akaitika, akanyoosha mikono kukipokea kile kifurushi, kisha akairudisha mikono yake kabla ya kukigusa akaniuliza kilichomo. Nilipomwambia, aliuliza tena, "Una udhu, binti yangu?" Sikuwa nao. Alinionyesha birika lililokuwa pembeni ya baraza, na yeye mwenyewe akaenda kuchukua udhu wake, akaniacha nimesimama na kitabu ambacho nilikuwa nimekibeba kutoka nyumbani kwa shangazi ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na mikate miwili. Sitaficha kwamba nilijisikia kukaripiwa. Baadaye nikaona kwamba swali lile halimhusu kila mteja: wakati nikisubiri alikuja kijana na rejesta za shule, na mama mmoja na kitabu cha nyimbo za kanisani kilichochanika mgongo, na wote wawili walipokelewa papo hapo kwa upole ule ule. Mji huu una misheni ya Wakatoliki tangu mwaka 1868, na fundi wa majalada asiyepokea kazi ya upande wa pili atakula nini.

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni namna alivyokitazama kitabu. Hakuanza na ukurasa wa kwanza. Alikisimamisha juu ya kiganja, akakiachia kifunguke chenyewe, nacho kikafunguka mahali kinapofunguka siku zote, kwenye kurasa mbili zenye madoa ya rangi ya chai, ambazo wino wake umefifia na pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Akazinusa. "Hapa watu husimama," akasema. Alikuwa sahihi. Ni kurasa za kiyamu, pale maulidi inapofika kwenye kuzaliwa Mtume, wasomaji na wasikilizaji wakasimama wote, chetezo kikapitishwa na mrashi ukatikiswa juu ya vichwa vya watu. Matone ya marashi ya miaka 70 yameingia ndani ya karatasi zile. Mtu mwingine angeyaita uharibifu, na kwenye lile duka la Dar es Salaam waliwahi kumshauri baba mdogo azifunike kurasa hizo kwa plastiki ya moto ili zisiendelee kuchafuka; namshukuru Mungu kwamba hela haikutosha. Fundi wa Bagamoyo alisema madoa hayo hatayagusa, na kwamba kazi yake itakuwa kuhakikisha kurasa zile zinalala chini zenyewe bila kushikwa, kwa sababu msomaji aliyesimama ana tasbihi au mrashi mkononi, hana mkono wa pili wa kuzuia kitabu kisijifunge.

Hapa inanibidi nieleze kwa nini kitabu hiki kina uzito kwetu, kwa maana bila hilo bei niliyolipa itaonekana ya kipuuzi. Baba yake babu aliletwa Bagamoyo na msafara, na hakuletwa kwa hiari yake. Alikuwa mtoto, alikuwa mali ya mtu, na jina aliloitwa nalo hadi kufa alipewa na bwana wake. Katika mji uliokuwa ukimpima mtu kwa ukoo wake, mtu wa aina hiyo hakuwa na cha kujibu alipoulizwa yeye ni nani wa nani. Ndipo ikaja tarika. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa Somalia mwaka 1909, aliieneza Qadiriya hadi Unguja na mwambao huu, na hapa Bagamoyo ikapata khalifa, yaani kiongozi wa tarika, ambaye habari zake kila mzee wa mji anazijua: Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyefahamika zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya, ambaye naye aliletwa utotoni kutoka nchi za Kongo akiwa mtumwa, akakulia katika nyumba ya Mwarabu tajiri wa ukoo wa Lamki, akasoma, akafanya biashara, akafikia daraja ya kuwapa watu ijaza, yaani idhini ya kufundisha. Alifariki mwaka 1931, na nafasi yake ikashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, ambaye ndiye babu yangu alimfuata. Sidhani kama mtu asiyetoka katika nyumba za namna yetu anaweza kuelewa maana ya kuingia kwenye halqa, duara la zikri, ambayo kiongozi wake ni mtoto wa mtu aliyefika mjini kama baba yako alivyofika. Babu hakuwa na nasaba ya kuandika kwenye kitabu chake. Aliandika silsila: kutoka Madina hadi Baghdad kwa Sheikh Abdulqadir Jilani, na kutoka hapo sheikh baada ya sheikh, hadi jina la sheikh wa sheikh wake, jina la sheikh wake, na jina lake. Watu wengine walikuwa na mababu. Yeye alikuwa na masheikh, na aliwaandika kwa wino mwekundu.

Kwa upande wangu, mimi si muridi, mfuasi wa tarika. Nilikulia nje ya ukuta wa zikri, kwa maana ya ukuta wenyewe: sisi watoto tulikuwa tukilala chumba cha nyuma kwa shangazi, na usiku wa kuamkia Ijumaa tulisikia kishindo cha pumzi za wanaume wakikohoa jina la Mungu kwa pamoja, sauti inayotoka kifuani na siyo mdomoni, ikienda polepole kisha ikikaza, mpaka vikombe kwenye kabati vikagongana. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa wanaume hao alipokuwa kijana. Katika miaka ya 1980 alisoma kwa walimu wa mkondo mwingine, akaamini kwamba kukohoa kule na dufu na ziara za makaburi ni uzushi, na hakukanyaga tena. Hakugombana na dada yake. Idi walikula sinia moja. Lakini kitabu kilipotajwa, yeye alikuwa akinyanyuka kwenda kutazama kama mlango wa uani umefungwa.

Sasa nirudi kwenye kazi. Jambo la thamani kuliko yote aliyoyafanya fundi huyu halikuhitaji sindano wala gundi. Vitabu vya mkono vya zamani kwa kawaida havina namba za kurasa. Badala yake, chini ya ukurasa, kwenye pembe, mwandishi huandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikimwagika mtu aweze kuzipanga tena kwa kulifuata neno hilo. Babu alifanya hivyo katika kitabu kizima. Duka la Dar es Salaam hawakulijua jambo hilo, na mashine yao ilikata maneno kadhaa ya namna hiyo, ila si yote. Fundi alikaa siku mbili nzima, kabla hajafungua uzi hata mmoja, akisoma pembe za kurasa na kuweka alama kwa vijiti vya kiberiti. Aligundua karatasi 9 ambazo hazikuwa mahali pake. Nane zilikuwa za kaswida, na kosa lake halikuwa kubwa. Ya tisa ilikuwa ya silsila.

Niliporudi kumtazama wiki ya pili, alinionyesha. Chini ya ukurasa uliotangulia babu ameandika "Junaid", jina la sheikh wa kale wa Baghdad, lakini ukurasa uliofuata haukuanza na Junaid. Ulianza na masheikh waliokuja miaka mingi baadaye, akiwemo Sheikh Abdulqadir mwenyewe, na Junaid alikuwa upande wa nyuma wa karatasi hiyo hiyo. Karatasi ilikuwa imegeuzwa, uso ukawa kisogo, na kwa kuwa kingo zote zilikuwa zimekatwa sawasawa, hakuna jicho lililoweza kutambua upande upi ulikuwa wa mgongo. Nilicheka, kisha sikucheka tena. Kitabu kilipotoka Dar es Salaam, baba yangu alikishika kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20 na zaidi, akafungua pale pale penye silsila, akapiga hesabu mbele ya shangazi: Junaid wa Baghdad alifariki mwaka 298 wa Hijria, Sheikh Abdulqadir alifariki mwaka 561, imekuwaje huyu wa pili awe mwalimu wa yule wa kwanza? Shangazi hakuwa na jibu. Alijua tu kwamba baba yake hakuwa mtu wa kukosea hesabu, akafunga kitabu, na sanduku likafungwa.

Sisemi kwamba baba angebadili msimamo wake kama angemwona fundi huyu. Hakuiacha halqa kwa ajili ya karatasi iliyogeuzwa. Alikuwa ameiacha zamani, kwa hoja nyingine alizoziamini, na hoja hizo hazitibiki kwa gundi. Ila shangazi alibaki na aibu ambayo haikuwa yake kwa miaka mingi, na aliyeiondoa ni mzee mwenye vijiti vya kiberiti, ambaye hakuwa ameombwa kufanya hivyo na hakudai nyongeza.

Kuhusu ufundi wenyewe, nitaeleza kadiri nilivyoona, kwa sababu niliruhusiwa kukaa barazani nikatazama. Pini za chuma alizing'oa moja moja kwa koleo dogo, na kutu iliyobaki akaiacha, akisema ukiikwangua utapata tundu. Gundi nyeupe ya mgongoni ilimchukua siku nyingi zaidi; aliilainisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, akawa anaikwangua kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa kama kisu, kwa kuwa kisu cha chuma kingekata mkunjo wa karatasi. Kabla ya kutia maji mahali popote alijaribu wino kwa pamba kwenye pembe: mweusi ulitulia, mwekundu ukatoka. Kwa hiyo kurasa zote zenye wino mwekundu, ile ya silsila ikiwa mojawapo, hazikuguswa na unyevu wowote, na hapo akatumia uji mzito wa gundi kwa kiasi kidogo sana kwenye ukingo tu.

Gundi yake huipika mwenyewe kwa wanga wa muhogo, akatia mrututu kidogo ili kombamwiko na mchwa wasiipende. Gundi ya dukani inayotengenezwa kwa mifupa haitumii, kwa sababu hajui mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na kitabu chenye aya za Mwenyezi Mungu hakivumilii shaka ya namna hiyo. Mimi ningetosheka na sababu ya kwamba gundi ya wanga inaweza kulainishwa tena na fundi wa kesho, ambapo ile nyeupe ya viwandani hukauka ikawa kama ukucha, lakini kila mtu ana sababu yake na matokeo ni yale yale.

Karatasi alizikusanya katika mikunjo, akashona kila mkunjo kwa uzi wa hariri uliopakwa nta, na mikunjo yote akaifunganisha mgongoni kwa mshono unaofanana na msuko wa ukili. Alinikumbusha kwamba neno letu "kurasa" linatokana na neno la Kiarabu la mkunjo wa namna hiyo, na kwamba "jalada" asili yake ni ngozi. Kwa hiyo, kwa mujibu wake, kaunta buku la kijani halikuwa jalada hata siku moja. Jalada jipya ni la ngozi ya mbuzi ya rangi ya kahawia, lenye ulimi unaokunjika kutoka kushoto na kufunika kingo za mbele, kama majalada ya misahafu ya zamani. Kitabu kinafunguka kuanzia kulia, kama inavyotakiwa, na ukikiweka juu ya marufaa kinalala wazi kwenye ukurasa wowote. Kwenye kurasa za kiyamu kinalala kama mkeka.

Nije kwenye kasoro. Ya kwanza ni ahadi. Aliniambia wiki mbili, zikawa saba. Kwa kiasi fulani kosa ni langu, kwa kuwa nilikwenda mwishoni mwa Mfungo Tano, mwezi unaotangulia ule wa maulidi, na kila mwenye Barzanji iliyochakaa katika wilaya nzima hukumbuka kuitengeneza mwezi huo ili Mfungo Sita usimkute na kitabu kilichoachana. Ulipoisha msimu wa maulidi, ukaja Mfungo Saba na kumbukumbu ya Sheikh Abdulqadir, na kazi yangu ikasukumwa tena. Hilo ningelivumilia kama angelisema siku ya kwanza. Anayajua majira ya biashara yake kuliko mtu yeyote, na kumwambia mteja wiki mbili huku akijua ni saba hakuwi ukweli kwa sababu tu kumeambatana na inshallah.

Ya pili ni simu. Anayo, na namba atakupa, lakini kuanzia Alhamisi alasiri hadi Ijumaa baada ya sala haipokelewi, na siku nyingine huwa imeachwa ndani kwa mkewe. Nilipanda gari kutoka Dar es Salaam mara mbili, kilomita 70 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, nikakuta baraza imefungwa.

Ya tatu ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Baraza ile iko wazi. Siku moja nilikuta kitabu changu kimebanwa kati ya mbao mbili, na juu ya mbao hizo kuna kikombe cha kahawa kilichojaa. Nilikiondoa mwenyewe bila kusema neno, naye aliniona, na kikombe hakikurudi pale siku nilizokuwapo. Fundi anayeuliza udhu angeweza pia kujiuliza kuhusu kahawa. Vile vile hana mahali pa kufungia kazi za wateja isipokuwa kabati moja lisilo na kufuli. Atakayempeleka kitabu cha pekee duniani na akipige picha kwanza, kurasa zote, kama nilivyofanya mimi kwa simu usiku mzima chini ya taa ya shangazi.

Na kuna mambo madogo. Viraka vya karatasi alivyoviweka kwenye kurasa mbili za mwisho ni vizito kuliko karatasi yenyewe, kwa hiyo ukurasa unakunjika pembeni ya kiraka badala ya kukunjika mahali pake. Nadhani siku hiyo alikuwa amekwishiwa ile karatasi laini. Nakshi ya umbo la lozi aliyoipiga kwa chuma cha moto katikati ya jalada imesogea upande mmoja kwa upana wa nusu kidole. Ngozi ilinuka kwa mwezi wa kwanza, hadi shangazi alipoifukiza ubani, na sasa inanuka ngozi na ubani.

Bei: nililipa shilingi 85,000 kwa kazi yote, nusu yake ikiwa arbuni. Jalada la ngozi ya bandia lingepunguza shilingi 25,000, na kwa msahafu mdogo uliochapwa, usio na matatizo ya kupanga karatasi, nilisikia akimtajia mtu shilingi 15,000. Hakuna orodha ya bei ukutani, na ninashuku kwamba mtu anayekuja na gari hutajiwa bei yake na mtu anayekuja na baiskeli hutajiwa yake. Mimi nilikuja kwa bodaboda na mikate miwili. Kwa siku alizotumia, na nilizihesabu, siwezi kusema nililipishwa zaidi ya haki; kwenye duka la Dar es Salaam baba mdogo alilipa kidogo sana, na gharama yake tunaiona kila tunapofika kwenye neno "mtoto".

Ningempelekea tena? Kitabu cha mkono, cha zamani, kilichopigwa picha kwanza, ndiyo, na nje ya miezi ya maulidi. Risala ya chuo au daftari la hesabu, hapana. Hayo yanataka mtu anayeshika tarehe, na wako wengi. Ukienda, fika asubuhi, Jumamosi hadi Jumatano, uulize kwa fundi wa majalada kwa wauza udi, kwa sababu vijana wa bodaboda watakupeleka kwa mtu wa fremu za picha.

Kitabu nilikikabidhi kwa shangazi siku ya Alhamisi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akatafuta silsila kabla ya kitu kingine chochote, akafuata majina kwa kidole hadi Junaid akiwa mahali pake na Sheikh Abdulqadir mahali pake, akageuza ukurasa bila kusema neno. Kisha akakuta kitu ambacho mimi sikukiona: mwishoni fundi alikuwa ameshonea karatasi nane tupu, za rangi ya maziwa, ambazo hatukumwagiza wala hakutudai. Nilimwambia shangazi huenda ni za kulinda kurasa za nyuma. Yeye alisema ni za kuandikia, akaagiza kalamu. Hadi wiki iliyopita alikuwa ameshajaza kurasa mbili, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kiswahili, kama baba yake: kuzaliwa kwa kitukuu, kifo cha jirani, tarehe ya kitabu kurudi na jina la aliyekijalidi, na deni la nazi 40 analomdai mtu mmoja wa Kaole.